Chumba cha Mbele cha Mume Wangu

Usiku wa jana niliota niko mlangoni pa kichwa cha mume wangu, Mzee Kibwana, nimeshika bakuli la uji. Tangu apigwe kiharusi hatamki neno. Mwanetu Mbaruku ameamua kwamba baba yake haelewi tena kitu, na asubuhi atamhamishia kwake Dodoma. Ni mtoto mwema, jana alimkata baba yake kucha. Kumuuliza tu ndiko hakukumpitia akilini. Asiyeelewa anaulizwa nini?

Nikapiga hodi.

"Zunguka nyuma, bibi," likasema komeo la mlango. "Hapa mbele, kushoto, dari limeanguka."

"Na huko nyuma?"

"Pazima. Nyuma tunapokea yanayosikika. Mbele ndipo maneno yanapovalishwa viatu yatoke."

Nazunguka. Nyuma ni jikoni kwangu mwenyewe. Maneno ya mume wangu yamekaa mkekani, pekupeku, yanakunywa uji.

"Mmesikia ya Mbaruku?" nauliza.

"Yote. Anatupigia kelele kama tuko ng'ambo ya mto."

"Afadhali nyinyi," likadakia komeo, maana lilinifuata. "Kwa jirani, Mzee Shekue, kimeanguka chumba cha nyuma. Maneno yanatoka mbio, yamevaa vizuri, hayajui yanakokwenda wala hayamsikii mtu."

"Ndiyo maana wamemchagua mwenyekiti," nikasema.

Neno moja dogo likanivuta kanga. Lilikuwa Hereni.

"Mama Mbaruku, kila siku tunakuonyesha koti, na wewe kila siku unatuvika. Joto lote hili! Hereni yako iliyopotea, mzee aliiokota uani asubuhi ile kabla hajaanguka. Iko mfuko wa ndani."

Nikaamka. Koti liko msumarini. Nikatia mkono mfuko wa ndani, nikatoa hereni yangu, imeviringishwa kwenye leso ili isimchome mtu.

Mzee ananitazama kitandani kama mtu aliyesubiri sana foleni.

Mbaruku akaingia na funguo za gari. "Mama, mvike koti tuondoke."

"Muulize kwanza," nikamwambia, nikivaa hereni.

"Mama, kwani ataelewa?"

"Muulize. Na usipige kelele."

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, twende Dodoma?"

Mzee akatikisa kichwa kukataa, taratibu. Kisha akamwonyesha mwanawe kiti, na mimi akanionyesha sufuria ya uji.