Ndiva Mezani

Beatha aliichukia ile kadi kabla hajamaliza kuisoma. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mtu asiyemjua, akaitupa juu ya mashine ya fotokopi.

"Ndiva!" alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake dukani. "Hata kwenye mchezo wametufuata nayo."

Kadi mpya zilikuwa zimefika asubuhi ile kwa basi la Arusha, na stationari ya Beatha, hatua chache kutoka stendi ya Same, ndipo mahali zinapofunguliwa. Mchezo wenyewe unaitwa Mto na Shamba, wa watu wawili. Kila mzunguko mto unateremsha maji, ambayo pale dukani huwa ni maharage sita: matatu yako, matatu ya mwenzako. Zao likipata maji linakua. Likikosa maji mizunguko miwili mfululizo linakufa, unalitoa mezani huku unalitazama. Wa kwanza kuvuna mazao matano ameshinda.

Kila toleo jipya linapokuja, Beatha ndiye anayeamua kadi ipi inafaa kwenda nayo mashindanoni na ipi ikae kwenye droo. Kazi hiyo hailipwi, lakini ndilo jambo pekee pale mjini ambalo watu walimfuata kumwuliza, "Wewe unaonaje?" Na sasa lilikuwa linaning'inia. Mwaka uliopita aliikataa kadi ya Punda kwa sababu tu hapendi punda. Timu ya Lembeni ikaja na Punda watatu, ikawachakaza mchana kweupe. Erasmo, kepteni wa timu yao ya Same, hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba akikosea tena kwa sababu ya chuki zake, kazi atapewa mwingine. Orodha ya kadi za mashindano ya mwaka huu ilitakiwa ifike Moshi siku hiyohiyo, mwisho saa kumi.

Saa saba akaingia Sifael, mchezaji wao mdogo kuliko wote, miaka kumi na tisa, mtoto wa milimani, mpole mpaka anaudhi.

"Shikamoo, dada Beatha."

"Marahaba. Kaa. Tunaipima hiyo takataka."

Sifael aliiokota kadi, akatabasamu kwa uso wote. "Jamani, ndiva! Babu yangu alichimba ya kwetu. Wazee wote walitoka na majembe, wakaijenga kwa mawe na udongo. Usiku inajaa maji ya mto, alfajiri tunaifungua yaende mashambani, kila mtu kwa zamu yake."

"Sikukuuliza habari za babu yako," Beatha alimkata. "Soma kadi."

Akasoma. Maji yote ya mto yanaingia ndani ya ndiva. Mwenye ndiva huifungua anapotaka, huchukua anayohitaji kwanza, na yanayobaki humfikia wa chini.

Kanuni ya Beatha ilikuwa kila kadi mpya ichezwe mara sita: tatu ashike mwenzake, tatu ashike yeye. Sifael akaanza. Akaweka ndiva mezani, maharage sita yakaingia, na mzunguko uliofuata akaifungua. Akachukua matatu, matatu akamsogezea Beatha kwa kiganja, kwa heshima zote. Mzunguko mwingine vilevile, na mwingine vilevile. Ile kadi ilikuwa inakula nafasi tu na haimpi chochote. Beatha alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, na wa tatu hata haukuchukua robo saa.

Sifael akajikuna kichwa. "Haifai, dada. Maji ni yaleyale, yanachelewa tu kufika."

Beatha alifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa chungu mdomoni. Hapo angeweza kumaliza. Mtoto wa milimani mwenyewe amesema haifai, nani angemlaumu yeye? Aliifikia simu ili ampigie Erasmo, akawakumbuka wale Punda watatu, akairudisha mezani kwa kishindo. Mama mmoja aliyekuwa ameingia na cheti cha kuzaliwa akitaka nakala mbili aliambiwa arudi baadaye, na kwa jinsi alivyoambiwa, huenda hakurudi.

"Nipe hiyo kadi," alisema.

Beatha alizaliwa Bendera, bondeni, ambako maji yanafika yakiwa yameshapita mikononi mwa watu wote wa juu. Alipoisoma ile kadi safari hii aliona neno moja ambalo Sifael alikuwa amelipita bila kulitazama, kwa kuwa kwao ndiva hufunguliwa alfajiri na hakuna aliyewahi kuwaza vinginevyo. Anapotaka. Mwenye ndiva huifungua anapotaka.

Akaweka ndiva. Upande wake akapanda mihogo, ambayo kwa sheria za mchezo huvumilia ukame mizunguko minne. Sifael akapanda mahindi. Maharage sita yakaingia.

"Haya, fungua," Sifael alisema mzunguko wa pili.

"Sijataka."

Kumi na mbili. Mahindi ya kwanza ya Sifael yakafa, akayatoa mezani akicheka. Mzunguko wa tatu yakafa mengine mawili, na hakucheka. Ndiva ilikuwa na maharage kumi na manane, na upande wa Sifael mezani ulikuwa mbao tupu.

"Fungua basi, dada."

"Sijataka!"

Mzunguko wa nne Beatha akafungua, akachota yote, mihogo yake ikakua kwa mpigo, akaanza kuvuna. Hakumbakizia hata punje. Mchezo wa tano ukawa hivyohivyo. Wa sita, Sifael alipoyatoa mahindi yake ya mwisho, alisimama mpaka stuli ikaanguka.

"Hii si haki!" alipaza sauti, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. "Huwezi kukalia maji mpaka mwenzako akauke! Mto ni wa wote!"

Beatha naye akasimama. Hasira aliyoifungia kifuani miaka mitano ikamtoka yote.

"Sema tena! Sema kwa nguvu, maana baba yangu aliyasema hayohayo! Mzee Eliufoo, amesimama kwenye mkutano kofia mkononi, mtu mzima na mvi zake, anawaomba wa juu wafungue mfereji wa chini. Siku kumi na moja mliufunga! Mnafungua kila alfajiri, ndiyo, mnajifungulia wenyewe! Mahindi yalikuwa yameshachanua, Sifael. Yalikuwa yanabeba!"

"Sisi tuliambiwa mto umekauka," Sifael alisema.

"Mkaamini."

"Nilikuwa kidato cha pili, dada. Nilisikia hivyo, nikaamini." Alitazama meza, upande wake usio na kitu, kisha ndiva iliyojaa. "Sikujua kama inaonekana hivi kutoka chini."

Beatha alitaka aendelee kubisha. Mtu anayebisha unaweza kumtukana, lakini huyu alikuwa amesimama tu, macho yamejaa maji, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

"Alivuna gunia ngapi?" Sifael aliuliza.

Miaka mitano, hakuna mtu wa kule juu aliyewahi kuliuliza swali hilo.

"Hakuvuna," alisema.

Simu ikaita. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Erasmo hakusalimia hata kidogo. "Ile ya ndiva, dada. Watu wote huku wanasema ni ya kutupa. Inafaa, haifai?"

Neno moja lilitosha. Angesema haifai, Sifael asingefungua mdomo, ile kadi ingeoza kwenye droo, naye angelala usingizi mzito. Aliitazama kadi mpaka maandishi yakachezacheza.

"Inafaa," alisema, na sauti ilimtoka kama anamgombeza mtu. "Waambie inafaa kuliko zote zilizotoka mwaka huu. Weka mbili kwenye orodha, mwingine azicheze. Mimi usinipe hata moja."