Neno Chini ya Cherehani

Mama Fundi alikuwa akitia cherehani mafuta, kama kila asubuhi, binti yake mwalimu alipoinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai.

"Mama, leo nafundisha neno 'udhalimu'. Maana wanafunzi wataielewa, utawala wa kuonea watu. Nataka mfano wa matumizi."

Mguu wa Mama Fundi ukakanyaga wenyewe. Cherehani ikanguruma bila kitambaa.

"Mama! Unashona hewa?"

"Hewa ni mteja mzuri. Halalamiki kwapa limembana."

Binti alicheka. Mama Fundi hakucheka. Mguu ulikuwa umezoea. Zamani, chumbani humu, mumewe alisimama kwenye meza ya pasi akipuliza makaa na kupiga mluzi. Wateja walijazana kwenye benchi, wakitaniana kuhusu vitambi na suruali zilizogoma kufungwa. Mtu akitaka kuisema serikali, alimkonyeza Mama Fundi: "Shemeji, kanyaga." Naye alikanyaga, maneno yakapita chini ya mngurumo, yasifike barabarani. Loo, walivyocheka siku zile, vichwa vimekaribiana!

Mpaka mchana mmoja uzi ukakatika. Akaacha kukanyaga ili atunge sindano upya, kama fundi yeyote. Mumewe alikuwa katikati ya sentensi. Neno lile likabaki peke yake chumbani, kavu, wazi. Mgeni aliyekuwa akisubiri kukunjiwa pindo la suruali akalisikia, akainamisha macho. Jioni walikuja watu wa serikali kumchukua mume, pasi yake ikiwa bado ya moto.

Binti alikuwa tumboni. Tangu apate akili, ameambiwa baba alisafiri.

"Nipe wowote tu," binti alisema akivaa viatu. "'Udhalimu ni kitu kibaya.' Hautoshi?"

"Huo hata mdhalimu mwenyewe angeupigia makofi."

"Sasa upi, Mama? Nachelewa."

Mguu ukatulia. Nje jirani alikuwa akifagia, wapita njia wakisalimiana. Binti aliona uso wa mama yake umebadilika, akanyoosha mkono aurudishe mlango.

"Uache wazi."

"Mama, kuna nini?"

"Baba yako hakusafiri, mwanangu. Alisema, 'Huu si utawala, ni udhalimu.' Wakamchukua hapo mezani, hakurudi." Akapandisha sauti, mpaka fagio la nje likasita. "Na alisema kweli. Ulikuwa udhalimu."