Gari ni Gari

Kwetu Pemba neno gari halina adabu, linaingia kokote. Pikapu inayobeba samaki wa Tumbe ni gari. Lori la saruji la Fazal ni gari. Na ule ubao wa magurudumu mawili unaokokotwa na ng'ombe nao ni gari. Mtu akikwambia kaazime gari la Ngwali uletee mawe, humuulizi kama lina injini. Ngwali hana injini. Alikuwa na Tambuu, fahali mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, na kuanzia Wingwi mpaka pwani hakukuwa na asiyemjua.

Bi Zuweina alimjua zaidi ya wengi, kwa sababu Ngwali ni ndugu yake wa kunyonya. Ukoo wa Zuweina ni wale waliokuwa na mikarafuu zamani. Mikarafuu imekwenda, imebaki nyumba ya mawe inayovuja na jina refu. Alipozaliwa, mama yake aliugua homa, na mama yake Ngwali, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamchukua akamweka ziwa la pili, la kwanza likiwa la Ngwali. Basi kwa sheria ya dini ni kaka na dada. Ngwali hapigi hodi mbili akiingia kwa Zuweina, wala Zuweina hatafuti ushungi akimwona. Zuweina humwita kaka, naye Ngwali humwita dada, na sisi wengine tuliobaki humwita Bi Zuweina na kunyoosha mgongo kidogo, maana ana ulimi.

Biashara yake ni barafu. Anaigandisha Wingwi, anaipakia kwenye pikapu yake alfajiri, anaipeleka Tumbe kwa wachuuzi wa samaki. Ile barabara ilivyokuwa, alikuwa akipeleka maji. Mashimo yalikuwa makubwa kiasi kwamba bata waliogelea humo masika nzima, na pikapu ilitambaa kama inaogopa kuamsha watu. Samaki wakaoza, wachuuzi wakanuna, Zuweina akatukana. Ndipo akaja na hoja ya geti.

Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi. Tulaze mti wa mvinje kukata njia, kila gari linalopita litoe chochote, fedha hiyo inunue kifusi na kumlipa mwenye greda. Sheha Haroub, kiongozi wa kijiji chetu, ambaye anapenda kila jambo lijadiliwe mpaka lichoke, akatuita uwanja wa skuli baada ya laasiri.

Fazal ndiye aliyepinga kwa nguvu. Duka lake la vifaa vya ujenzi ni la babu yake, na lori lake linapita hapo mara nyingi kuliko pikapu yoyote.

"Mie nalipa leseni, nalipa bima, na kila nikitia mafuta nakatwa fedha ya barabara," alisema. "Sasa nilipe tena ili nifike dukani kwangu? Hii kazi ya serikali. Tukishaizoea kuifanya siye, haitarudi kwao tena."

Tukaguna kumuunga mkono, kwa sababu alisema kweli.

"Fedha hiyo tunakatwa sote, Bwana Fazal," akajibu Zuweina, "na inakwenda barabara kubwa. Ya kwetu iko kwenye foleni. Foleni hiyo mie niliikuta nikiwa ntoto, na nikifa nitaiacha. We springi unanunua mara ngapi? Hiyo nayo tozo, ila unamlipa fundi."

Tukaguna tena, maana na hiyo ilikuwa kweli. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama mwenye pikapu hatampandishia yeye bei ya samaki, mwishowe akalipa asiye na gari. Zuweina akasema bei ya samaki aliyeoza ndiyo kubwa kuliko zote. Watu wakacheka, na hoja ya yule mama ikapotelea kwenye kicheko, ingawa ilikuwa hoja.

Kilichobaki kilikuwa kima cha tozo. Kikiwa kikubwa, mkutano ungemkatalia. Zuweina alishapiga hesabu nyumbani usiku uliotangulia. Magari ya injini peke yake hayakutosha. Kima kingepanda na yeye mwenyewe kingemuuma. Lakini wakiingizwa wenye ng'ombe, ambao hupita hapo kutwa kwenda na kurudi na mawe, mchanga na nazi, kima kinashuka hata Fazal anakimeza. Alilijua hilo. Alijua pia kwamba akilitamka, wenye ng'ombe watasimama. Basi akasema "kila gari," akataja kima kidogo, akakaa.

Mzee Duni, ambaye baadaye ndiye aliyewekwa kulinda geti, akainua fimbo. "Gari lipi, Bi Zuweina?"

"Gari ni gari, Mzee Duni."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ngwali, amekaa mbele kabisa kwenye majani, akijivunia ulimi wa dada yake. Sheha aliposema wanaokubali wainue mikono, mkono wa Ngwali ulikuwa wa kwanza. Zuweina aliuona. Amesema mwenyewe kwamba aliuona.

Kisha tukasomewa Fatiha. Asiye wa huku hawezi kuelewa uzito wake. Kwetu jambo likishajadiliwa likasomewa Fatiha, tukapangusa nyuso, limefungwa. Kulifungua tena ni kama kumwambia Mungu kwamba ulikuwa unatania.

Geti likawekwa. Siku ya kwanza Mzee Duni akamsimamisha Ngwali na Tambuu, na Ngwali akadhani anataniwa. Alipoona mti hauinuki, akageuza gari akaenda mpaka kwa Zuweina, akasimama ukumbini na mjeledi mkononi.

"Dada, Duni ananidai. Ati na mie gari."

Hapo ndipo Zuweina alipopewa nafasi ya kwanza ya kusema kweli, na ilikuwa nafasi nzuri kabisa: hapana mtu mwingine, kaka yake yupo mbele yake, chai iko mezani. Zuweina alitazama chai.

"Kaka, Fatiha ishasomwa," alisema.

Ngwali akafikiri kidogo. "Basi. Kama ishasomwa, ishasomwa." Akanywa chai yake, akauliza watoto hawajambo, akaondoka.

Lakini anayepita na pikapu mara moja kwa siku na anayepita na ng'ombe kutwa hawalipi sawa, hata kima kiwe kimoja. Ngwali alikuwa anachukua mzigo wa nazi kwa ujira ambao nusu yake iliishia kwa Mzee Duni. Hakulalamika tena. Akaanza kupita njia ya zamani, ile ya chini kwenye mikoko, ambayo maji yakitoka unaweza kuvuka mkono wa bahari juu ya mchanga, na yakijaa huwezi. Sote tulimwona akishuka huko. Zuweina naye alimwona, kutoka dirisha la pikapu, pikapu ikiteleza juu ya kifusi kipya na barafu nyuma ikiwa ngumu kama ilivyotoka. Akajiambia kwamba kaka yake anaijua njia ile tangu utoto.

Aliijua kweli. Lakini siku moja ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, gurudumu lilizama kwenye tope mahali ambapo halijawahi kuzama, na Tambuu katika kuvuta akazama mpaka kifuani. Tukakimbia na kamba. Tukavuta, tukachimba kwa mikono, Ngwali akakata nira, na maji yakawa yanakuja taratibu bila haraka yoyote. Yalipofika mabegani mwa ng'ombe, Ngwali akaomba kisu. Akamchinja pale pale ndani ya maji, akisema bismillahi kwa sauti ya kawaida, ili angalau asife kibudu. Gari lenyewe tulilitoa maji yalipokupwa.

Nyama aliigawa yote, hakuuza hata kipande. Zuweina alipelekewa ini na mkono wa mbele, fungu la ndugu. Likaletwa na mke wa Ngwali ndani ya sinia lililofunikwa kawa, na salamu: "Kaka yako kasema nyie mle, msiache ikaharibika." Zuweina akapokea, akashukuru, akaliweka kwenye jokofu lake la barafu. Hakuweza kulipika wala kumpa mtu. Kila alipofungua kuchukua barafu ya biashara alilikuta pale, gumu, na akafunga haraka. Akawa hasemi sana. Dereva wake alidhani anaumwa.

Watu hawakukaa kimya, sisi tena. Barazani kwa Fazal wakasema Bi Zuweina amewatoza wenye ng'ombe ili yeye alipe kidogo. Mzee Duni alikuwepo, na ndiye aliyempelekea Zuweina habari, akidhani anampelekea furaha.

"Ngwali kakutetea, Bi Zuweina. Kasimama mbele ya watu. Kasema, 'Neno lilimpita tu, kama lilivyonipita mie. Ntu nliyenyonya naye ziwa moja hawezi kunitia topeni kwa kujua.'"

"Na Bwana Fazal kasemaje?"

"Fazal kasema yeye alipinga geti mwanzo hata mwisho, lakini tangu liwekwe hajanunua springi, kwa hivyo hana la kusema."

Zuweina angetamani sana kusikia matusi. Matusi angeyajibu.

Asubuhi yake akaenda kwa Sheha Haroub, akamwomba mkutano mwingine, gari la ng'ombe litolewe kwenye tozo. Sheha akakuna ndevu.

"Tukitoa ng'ombe, kima kitapanda. Wenye pikapu watakataa, na wewe mmoja wao. Halafu kuna Fatiha, Bi Zuweina. Nitawaambia watu nini? Kwamba ulikosea neno?"

"Waambie sikukosea. Nilijua wamo, nikanyamaza."

Sheha akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa jipu. Akasema mkutano anaweza kuuita Ijumaa, lakini maneno hayo atayasema mwenyewe, yeye Sheha hayabebi. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba ingekuwa aibu Ngwali kuyasikia uwanjani pamoja na watu wengine.

Kwa hivyo Alhamisi Zuweina akaenda kumtafuta kaka yake, na akamkuta getini.

Ngwali alikuwa ndani ya gari. Si juu yake. Ndani ya ile miti miwili ya mbele tunayoiita mikono, mahali pa ng'ombe, kamba ya kitani imempita kifuani, na mkewe nyuma anasukuma. Nazi zilikuwa nusu ya mzigo aliozoea. Mzee Duni alishainua mti.

"Pita, Ngwali, pita," alikuwa anasema. "Ng'ombe hayupo, hilo si gari tena. Hilo toroli tu."

"Mzee Duni ananipa sadaka," Ngwali akamwambia Zuweina akicheka, jasho linamdondoka kidevuni. "Wajihi wako mbaya, dada. Ini lilikuwa na nini? Hukulipenda?"

"Kaka, weka chini kidogo."

Akaweka. Mkewe akatoka nyuma, akajifuta uso kwa kanga. Zuweina alikuwa ametunga maneno marefu njiani, yenye samahani mwanzo na mwisho. Yakampotea yote.

"Lile neno halikunipita," alisema. "Siku ya mkutano. Nilijua na wewe umo. Nilikuingiza ili kima kishuke."

Mzee Duni alibaki ameshika mti juu. Ngwali akavua kamba kifuani. Alimtazama dada yake, si kwa hasira, bali kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mtu huyu.

"Ulijua kabla ya Fatiha au baada?" akauliza.

"Kabla."

"Na mkono wangu uliuona?"

"Niliuona."

"Na siku nilipokuja kwako, nikanywa chai?"

Machozi yalimjia Zuweina, akayaacha yashuke, na hakuna aliyemwambia anyamaze. "Kesho nitayasema mbele ya watu wote," alisema. "Ng'ombe nitakununulia. Chochote utakachosema, kaka, nitafanya."

Ngwali akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei. Akafungua fundo la shuka yake kiunoni, akatoa noti iliyolowa jasho, akamnyooshea Mzee Duni.

"Aa, Ngwali," akasema Mzee Duni, "nshakwambia upite."

"Pokea, Mzee Duni. Gari ni gari."

Mzee Duni akapokea, maana hakujua afanye nini kingine. Ngwali akarudi ndani ya mikono ya gari, akaweka kamba kifuani, mkewe akashika nyuma. Zuweina alikuwa bado amesimama katikati ya njia, juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, na alinyoosha mkono kusaidia kusukuma.

"Nipishe nipite, Bi Zuweina," alisema Ngwali.