Barua ya Konstebo Kidega

Adyero alipopandishwa cheo kuwa sajini, majirani wa kambi ya polisi Nsambya walikuja kula kuku na kumpongeza mumewe, Konstebo Kidega, naye akapongezeka vizuri tu. Hakujua kwamba baada ya wiki mbili mkewe angehamishiwa kituo chake, tena awe mkubwa wa zamu yake.

Siku ya kwanza Kidega alichelewa gwaride kwa dakika tisa.

"Konstebo, kwa nini umechelewa?" Adyero aliuliza mbele ya wenzake.

Kidega alipiga saluti. "Afande, nilianza kupiga pasi sare ya mkubwa wangu. Nilipofika kwenye yangu, umeme ukakatika."

Gwaride zima likaangalia chini, mabega yakitikisika. Adyero, ambaye sare yake ilikuwa imenyooka kweli, alimpa adhabu ya kulinda lango hadi saa saba mchana.

Wakaishi hivyo mwezi mzima. Kazini anaamriwa, nyumbani ananuna. Mwishowe Kidega akaandika barua ya kuomba kuhamia kitengo cha trafiki. Lakini barua ya polisi hairuki ngazi: inaanzia kwa sajini wake, ndipo iende kwa mkuu wa kituo, kisha wilayani. Basi akaipeleka mezani kwa mkewe, akasimama wima.

Adyero aliisoma polepole. "Umeandika 'sababu za kifamilia'. Familia gani hiyo?"

"Afande anaifahamu."

"Andika ukweli."

Kidega akachukua kalamu, akaongeza: *Siwezi kununiana na mtu mmoja saa ishirini na nne.*

Adyero akafunika mdomo kwa mkono. Hakutaka aondoke, alikwisha kuzoea kumwona pale langoni. Hata hivyo aliandika chini yake, *Napendekeza akubaliwe*, akaweka sahihi.

"Asante, Mama Abalo," Kidega alisema.

"Afande," alimsahihisha.

Barua ilirudi imekubaliwa. Asubuhi moja Adyero alikuwa juu ya bodaboda, akipita Nakivubo kwenda kazini, askari wa trafiki akainua mkono. Alikuwa Kidega, glavu nyeupe mpya mikononi.

"Abiria hana helmeti."

"Baba Abalo, nimechelewa!"

"Mama, hapa barabarani sheria haina cheo. Shuka."

Adyero alishuka, akaenda kwa miguu hadi kituoni, akicheka peke yake njia nzima.