Jicho la Mkanda

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasema, tena mbele ya walimu wote: mhandisi wa kiwanda asipotia saini leo, chumba changu cha ufundi kinageuzwa stoo ya madawati. Akitia saini, wanafunzi wangu kumi na mmoja watapokelewa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo, na darasa litabaki. Mimi nikitishwa huwa sipoi, napandwa na hasira. Asubuhi ile nilikuwa nimepata moto kama pasi.

Mezani palikuwa na mkanda wetu wa kusafirishia chupa: mpira wa ndani wa baiskeli, mota ya printa iliyokufa, na katikati taa ndogo ikitazamana na kihisi tulichokiita jicho. Chupa ikipita hukata mwanga, jicho linaona giza, linahesabu moja. Zikifika sita, mkanda unasimama ili kreti ijazwe. Tuliujaribu wiki tatu bila kukosea hata chupa moja. Aliyeuandikia programu ni binti mmoja mpole, wenzake humwita Bisibisi kwa sababu hatembei bila bisibisi mfukoni.

Mhandisi akafika saa nne, mtu mfupi wa maneno machache. Mwalimu Mkuu akamkaribisha kwa tabasamu ambalo sisi walimu wake hatujawahi kuonjeshwa. Bisibisi akawasha.

Chupa ya kwanza ikapita. Ya sita ikapita. Ya saba ikafika mwisho wa mkanda, ikaanguka sakafuni puu. Ya nane ikaifuata. Mkanda ulikwenda tu, hauna habari na mtu.

"Zima!" nikafoka. "Umegusa nini kwenye programu? Si nilikukataza?"

"Sijagusa, Mwalimu."

"Kwani imejibadilisha yenyewe?"

Mwalimu Mkuu akazungusha macho ukutani, nadhani akipima madawati mangapi yataenea.

Bisibisi aliinama mpaka shavu likagusa meza, akaweka kiganja juu ya jicho. Kwenye kompyuta, hesabu ikatoka sifuri ikawa moja. Akaondoa kiganja, akakirudisha. Mbili.

"Mwalimu," akasema, "mapazia yako wapi?"

Nikageuka. Madirisha yalikuwa uchi. Chumba kile zamani kilikuwa cha kuonyeshea sinema, na tangu tuanze tulifanya kazi nyuma ya mapazia mazito meusi. Sasa jua lilikuwa limejaa mezani. Chupa zilikata mwanga wa taa, sawa, lakini jua lilibaki palepale, na jicho halikuona giza hata chembe.

"Niliagiza yakafuliwe," Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti ndogo. "Kwa heshima ya mgeni."

Mhandisi akacheka mpaka akashika meza. "Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamisha kiwanda siku mbili kwa jambo hilihili! Bati la paa lilikuwa limeng'oka, jua linaingia. Mimi nabadilisha mota, nabadilisha nyaya. Siku mbili! Huyu ametumia dakika ngapi?"

Bisibisi hakumsikia. Alichana jalada la daftari, akalikunja likawa bomba jembamba, akalivisha jicho ili lione taa peke yake. Akairudisha hesabu kwenye sifuri, akawasha. Tulihesabu wote kwa sauti, mhandisi naye, mpaka sita. Mkanda ukasimama.

Mhandisi akatia saini palepale, karatasi juu ya kreti. "Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Waje na viatu vya kufunika vidole."

Nikakaa kwenye benchi. Nilishusha pumzi kwa kishindo, bila aibu. Kisha nikamwita Bisibisi mbele ya wenzake.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekufokea bure."

"Nimeshakusamehe, Mwalimu." Akatabasamu, halafu akawatazama wenzake. "Nilidhani nimewaharibia wote."

Hapo ndipo alipolia. Nikamkumbatia, nikalia naye kwa raha zangu, huku Mwalimu Mkuu akiokota chupa sakafuni, moja moja.