Ukurasa wa Pili

Kazini wananiita Pilipili, na sijawahi kuuliza kwa nini, maana najijua. Mdomo wangu hauna breki. Nikiwa na njaa ndiyo usiseme. Kwa miaka kumi na moja nimekaa meza ya tatu kutoka dirishani, chumba cha madai, nikisoma karatasi za watu waliougua na waliovunjika, na kuamua kama bima yetu itawatibu au la. Nasema bima yetu kwa maana yake halisi. Haina tajiri anayengoja faida mwisho wa mwaka. Wenyewe ni wanachama, mafundi, walimu, wenye maduka, wafagiaji, na kinachobaki kinarudi kwenye matibabu yao. Kabla ya hapo nilikuwa kampuni nyingine, jengo la vioo kuanzia chini hadi juu, ambako nilisifiwa kwa kasi yangu ya kukataa. Walinipa hata kikombe cha mfanyakazi bora. Bado ninacho, naweka pamba za masikio.

Siku yangu ya kwanza hapa nilikataa madai manne kabla ya chai. Mkuu wa chumba chetu ni mwanamke mwembamba tunayemwita Nesi, kwa sababu aliwahi kuwa nesi kweli. Akanirudishia barua zote nne.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Wa pili wa nini?"

"Hapa barua ya kukataa haitoki na ukurasa mmoja. Wa kwanza unamweleza mtu kwa nini hatuwezi. Wa pili unamweleza afanye nini sasa."

"Na kama hakuna cha kufanya?"

"Unavaa viatu, unaenda kukitafuta."

Nilisonya. Kweli tena, nilimsonya bosi siku ya kwanza. Yeye akacheka, akaenda zake kumwagilia maua ya dirishani.

Basi ukurasa wa pili nikauchukia. Hebu fikiria, mtu hana haki, kanuni imesema hana, halafu wewe uhangaike kumtafutia mlango mwingine! Nilikuwa nauandika nimenuna. Wa fundi seremala mmoja ndio naukumbuka zaidi. Alikuwa kwenye kazi katika jengo la mtu, msumeno wa umeme ukamkata mkono wa kulia, na kadi yake ilikuwa ya maradhi tu, ajali za kazini hazimo. Nikamkataa kwa mistari mitatu. Akaja mwenyewe kaunta, bandeji hadi kwenye kiwiko, akaniuliza, "Dada, wewe una watoto?" Nikamjibu kwamba aliyeumia ni yeye, si watoto wangu. Foleni nzima iliguna. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile naona aibu.

Nesi hakunigombeza. Aliangalia viatu vyangu tu. Nikatoka nikibwata peke yangu barabarani, nikamtafuta mwenye jengo hadi nikampata, nikamwambia sheria inamtaka yeye amtibu mtu aliyeumia kwenye kazi yake, na kwamba mimi sitoki pale. Siku hiyo hasira zangu zilipata kazi ya maana. Bwana yule alisaini kulipia matibabu kabla ya saa sita ili tu niondoke. Nikaongeza anwani ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akipokea watu bure kila Jumatano. Nikaandika ukurasa wa pili, nikampelekea fundi kwake, nikamsahau.

Sasa nije kwenye yangu.

Kila mwaka, anayepita kwa wanachama kuwakumbusha fomu ya wategemezi ni mimi. "Andikeni wazazi wenu! Mzazi asiyeandikwa hatibiwi!" Napaza sauti mpaka inakauka. Miaka miwili iliyopita mama yangu akahamia kwangu. Nikachukua fomu, nikaijaza yote, mama akasaini kwa ule mwandiko wake wa maringo. Ikabaki kuandika tarehe na kuipeleka meza ya pili, hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Simu ikalia. Nikaitumbukiza fomu kwenye droo, na humo ikakaa miaka miwili chini ya pakiti ya biskuti. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu mganga alikuwa ameikalia dawa yenyewe.

Mama akaanguka bafuni Jumatatu asubuhi. Nyonga ikavunjika.

"Kiungo kibadilishwe ndani ya wiki mbili," daktari akasema. "Tukichelewa zaidi ya hapo, siwezi kuahidi kwamba atatembea tena."

Na mama yangu ni mtu wa kutembea. Safari ya chini ya saa moja hapandi gari, anasema gari ni la wagonjwa. Mshahara wangu usingetosha hata skrubu za kiungo hicho. Pale kitandani akanishika kidole. "Wewe si uko bima, mwanangu? Basi mimi sina wasiwasi." Nilitamani ardhi inimeze.

Meza ya pili anakaa kaka mmoja mpole tunayemwita Kifutio, kwa kuwa hawezi kuandika sentensi bila kuifuta mara tatu. Nimemtania miaka yote kumi na moja. Muhuri wa tarehe wa chumba chetu unakaa kwake, ule wenye vigurudumu, unavizungusha kwa kidole gumba na mwaka unarudi nyuma. Jumanne wenzetu walipokwenda kunywa chai, nikamwekea fomu mbele yake.

"Kaka, nizungushie."

Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akaelewa. Akavua miwani akaifuta na shati.

"Siwezi, dada."

"Niliijaza mwaka juzi! Sidanganyi, saini ya mama hiyo hapo!"

"Najua hudanganyi. Lakini hukuileta."

"Hatua nne, kaka! Mama yangu alemae kwa hatua nne?"

"Wangapi wamekuja kwako na kisa kama hiki, dada? Uliwaambiaje?"

Nikamwita mwoga. Nikamwita na mengine ambayo siyaandiki hapa. Aliyameza yote. Akafungia muhuri kwenye droo, akasema, "Lete dai kama mwanachama yeyote. Nitaliandika mimi."

Ijumaa nikaipata barua yangu. Ukurasa wa kwanza niliujua hata kabla ya kuusoma, kwa sababu nusu ya maneno yale niliyatunga mimi. Tunasikitika. Mtegemezi hakuwa ameandikishwa kabla ya tukio. Jamani, maneno yale yanaonekana ya adabu unapoyaandika, lakini ngoja uandikiwe wewe! Nilikuwa nimeshaishika barua niichane vipande viwili. Ndipo nikaona ule wa pili.

Aliuandika kwa penseli, akaufuta na kuuandika tena mpaka karatasi ikawa nyepesi. Alikuwa amekesha na katiba ya chama, ile ambayo sisi sote tunaitumia kuegemezea mlango usijifunge. Humo amekuta kifungu kinachosema Baraza la Wanachama, watu tisa wanaochaguliwa kila baada ya miaka mitatu, linaweza kumpokea mtegemezi aliyechelewa, ikiwa mwanachama mwenyewe atasimama mbele yao na kueleza kisa chote kwa mdomo wake. Ameshaongea na katibu: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ameshakwenda hospitali: watamshikia mama nafasi ya upasuaji mpaka Jumatatu. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, "Vaa viatu, dada."

Nililia palepale mezani, bila hata kujificha. Mtu nimemtukana Jumanne, na siku tatu zote anahangaika kwa ajili ya mama yangu.

Jumamosi nikaingia ukumbini. Wajumbe tisa kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao mama mmoja mwenye duka la vitambaa. Nesi amesimama mlangoni. Kifutio yuko benchi la nyuma, anaangalia sakafu. Nikawapitia wajumbe kwa macho, na wa tatu kutoka kushoto alikuwa fundi seremala wangu. Hata sikujua kwamba amechaguliwa. Nikasema kimoyomoyo, haya Pilipili, leo utajiwasha mwenyewe.

Nikaeleza. Mama, bafuni, droo, biskuti. Mwenyekiti akaigeuza fomu yangu huku na huku.

"Saini ipo. Mbona haina tarehe wala muhuri?"

Hapo ningeweza kusema nilisahau. Ingekuwa kweli pia, na aliyejua zaidi ya hapo ni mtu mmoja tu, naye angekufa nalo moyoni. Lakini walisema kisa chote, na mimi mdomo wangu mnaujua.

"Haina tarehe kwa sababu niliyemwomba arudishe muhuri nyuma alikataa," nikasema. "Nilitaka kuwaibia. Mfuko ule ni wenu, na mimi nimewekwa niulinde. Alikataa, nikamtukana. Mkitaka kunifukuza kazi, nifukuzeni, sitalalamika. Ila mama yangu hajafanya kosa lolote. Naomba atembee. Sina neno jingine."

Nesi alikuwa amefumba macho. Mjumbe mmoja akasema huu ni mzaha gani, mlinzi ndiye anayejaribu kuvunja kufuli! Na alikuwa na haki kabisa ya kusema hivyo. Kisha fundi akakohoa.

"Mwenyekiti, mimi dada huyu namjua. Alinikataa kwa mistari mitatu, na nilipomfuata akanijibu hovyo mbele za watu. Niliapa nikimwona barabarani nitavuka upande wa pili."

Nikasema basi, tumekwisha.

"Baada ya siku nne akaja kwangu na karatasi. Amenuna vilevile. Mke wangu akamkaribisha maji, akasema hana kiu. Ile karatasi ikaniambia niende wapi na nimwone nani, na kote nilikokwenda nikakuta ameshapita na kugombana na watu kwa ajili yangu." Ukumbi ukacheka kidogo. "Wanasema tenda wema nenda zako. Huyu alitenda akaenda zake kweli, hata kuaga hakuaga. Leo kaja kutuambia ubaya wake, ambao hakuna mtu aliyekuwa anaujua. Mimi mtu wa namna hiyo mfuko wangu nitamwachia aendelee kuulinda. Tupige kura."

"Wanaokubali mama yake apokelewe," mwenyekiti akasema, "mikono juu."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa fundi, tena wa kulia. Vidole viwili havinyooki. Vingine vitatu vilisimama sawasawa, na kwenye kucha vina gundi ya mbao. Ni mkono unaofanya kazi. Niliutazama mkono ule nikakosa pa kuweka uso, kwa sababu wema wenyewe niliufanya kwa kusukumwa, nimevimba kwa hasira, na bado ulimponya mtu. Mikono mingine ikafuata. Ikawa saba. Wawili walikataa, na siwalaumu.

Mama akapasuliwa Jumatatu. Jumanne mimi nikapewa barua ya onyo kali kutoka kwa Nesi, na nilistahili. Ilikuwa na ukurasa wa pili: mwaka huu nitapita kwa wanachama kukumbusha fomu ya wategemezi kama kawaida, ila nitabeba ile yangu iliyokaa droo miaka miwili, niionyeshe, na nieleze. Nimeshaionyesha mara kumi na nne. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu wanajaza zao papo hapo.

Wiki ya saba mama akaja ofisini kusaini fomu mpya. Nilimwambia nitamletea nyumbani. Akasema, "Nikuachie tena wewe?" Akaja kwa miguu yake, na mkongojo ambao muda mwingi alikuwa anautumia kunyooshea watu. Kifutio akainuka haraka kumpa kiti. Akakikataa.

"Huyu ndiye uliyemtukana?"

"Ndiye, mama."

"Umemwomba radhi?"

"Nimemletea biskuti."

"Nimekuuliza radhi, sijauliza biskuti."

Chumba kizima kiliacha kazi. Nikageuka. "Kaka, nisamehe," nikasema. "Na asante. Asante sana." Kifutio akavua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka nikaogopa ataivunja.

Mama akainamia meza yangu, akasaini kwa maringo yake yaleyale. Akafika mahali pa mwisho, akanyanyua kalamu.

"Leo tarehe ngapi?"

Chumba kizima kikamjibu kwa sauti moja, na Nesi naye kutoka dirishani kwenye maua yake. Mama akaiandika. Nikanyoosha mkono niichukue fomu.

"Wewe kaa," akasema. "Kwa hili sikuamini."

Akaegemeza mkongojo kwenye kiti changu, akaishika fomu kwa mikono miwili, akaanza kwenda meza ya pili. Nilizihesabu hatua zake. Moja. Mbili. Ya tatu aliyumba kidogo, nikainuka nusu, akanikata jicho nikakaa. Nne. Kifutio akaipokea fomu, akaigonga muhuri.