Ng'ombe wa Herme

Agatha alikwisha kumaliza kuchora wizi wa ng'ombe, na roho yake ilikuwa imetulia. Katika chumba alichopanga Magomeni, mjini Kilosa, yeye na Goodluck, fundi wa sauti, walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya dakika kumi na mbili. Walikuwa wameitoa kwenye hadithi za Wagiriki wa kale: Herme, mungu aliyezaliwa asubuhi na ilipofika jioni akaiba ng'ombe hamsini wa kaka yake Apolo, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zimpoteze mwenye mali.

"Kurudi kinyumenyume wala hakukunisumbua," alimwambia Goodluck. "Nimewachora wakienda mbele, halafu nikageuza mpangilio wa picha."

Goodluck alitazama, akakuna kidevu. "Wapeleke hao ng'ombe wako Rudewa kwanza. Kuna bibi mmoja mfugaji, anaitwa Sipora. Akiwakubali yeye, basi."

Agatha alikulia kwa wakulima. Nyumbani kwao ng'ombe alitajwa pale tu alipoingia shambani na kula mahindi. Hata hivyo alikwenda, akamkuta Sipora bomani kwake, kando ya zizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa tableti yenye kipande kile, akamsimulia jinsi Herme alivyomwibia kaka yake ng'ombe hamsini. Sipora aliangalia mara mbili.

"Ng'ombe anayerudi nyuma haoni anakokwenda," alisema mwishowe. "Hawa wako wanapaona."

Akainuka, akamwendea ng'ombe mmoja mwekundu, akamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumsukuma taratibu huku akimsemesha Kimaasai. Yule ng'ombe akainua kichwa, akagoma. Kisha mguu wa nyuma ukapapasa ardhi, ukasita, ukakanyaga. Masikio yakalala nyuma, shingo ikakakamaa. Zilikuwa hatua tano tu, lakini kwato ziliburuta na kuacha michirizi kwenye tope.

"Ukiona hivi unajua amerudishwa," Sipora akasema. "Huyo kaka ana ng'ombe hamsini na hajui kusoma nyayo?"

Agatha alitoa karatasi na penseli. Alikuwa amesomea uchoraji miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwonyesha mambo mengi kiasi kile kwa dakika moja. Akakaa bomani siku nne, akichora kwato, shingo na macho. Sipora alikuwa akipita nyuma yake anaweka kidole kwenye karatasi: hapa uzito, hapa woga. Kila alipoweka kidole, ndipo palipokuwa na kosa.

Michoro mia tisa ikatupwa. Kuichora upya kulimchukua Agatha miezi miwili, na sasa, kwenye filamu, Apolo aliinama, akagusa michirizi, akajua wamerudishwa.

Filamu ilionyeshwa Mikumi, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kukodi uliozibwa madirisha kwa mablanketi. Sipora alikaa mbele. Ng'ombe walipoanza kurudi nyuma, alinyoosha mkono na kutoa ile sauti ndogo ya kumtuliza mnyama. Wafugaji waliokuwa nyuma yake wakaitoa pia. Agatha alisimama mlangoni, akiwasikiliza.

Watu walipotoka, alimsogelea. "Umeionaje, bibi?"

"Ng'ombe ni wazuri. Ila mwisho sikuuelewa. Wale ndugu walipatana?"

"Walipatana. Mdogo alimpa kaka yake zeze, kaka akamwachia ng'ombe."

"Zeze moja kwa ng'ombe hamsini!" Sipora alicheka hadi akajishika kiuno. Kisha akamwita Goodluck arudie kile kipande cha zeze, asikie vizuri lina nini.